Mweleze Jirani kwa Kiingereza, Lakini Umtendee Haki

Ndugu msomaji, mtoto wako wa Kidato cha Kwanza akiulizwa kwa Kiswahili, "Babu yako ni mtu wa namna gani?" atajibu mpaka jua lizame. Atasema ni mrefu, ana mvi, ni mcheshi, hapendi wavivu, na chai yake lazima iwe na tangawizi. Sasa mwulize neno hilo hilo kwa Kiingereza. Atatazama chini, kisha atasema, "My grandfather is old." Basi, amekwisha. Babu mzima, na mambo yake yote, amekuwa neno moja tu.

Si kwamba mtoto ni mjinga. Hapa Tanzania, tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, karibu shule zote za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, na sekondari hufundisha kwa Kiingereza. Mtoto hufika huko akiwa amesoma maneno mengi kitabuni, lakini kinywa chake hakijayazoea. Wala jambo hili si la shule tu. Mgeni akifika parokiani, au daktari asiyejua Kiswahili akiuliza habari za mgonjwa, yatupasa kumweleza mtu tunayemjua. Tena mara nyingi huyo anayeelezwa hayupo pale kujitetea. Hapo ndipo penye uzito: neno moja lisilofaa laweza kumvunjia mtu heshima, hata kama msemaji hakukusudia.

Haya, tutazame mahali ambapo wengi huteleza.

SIKIA SWALI KWANZA

Kuna maswali manne yanayofanana kama ndugu wa tumbo moja. "How is your father?" huuliza hali yake, mzima au mgonjwa. "What does your father look like?" huuliza sura yake. "What is your father like?" huuliza ni mtu wa namna gani, hasa tabia yake. "What does your father like?" huuliza anapenda nini. Ukiulizwa lile la tatu ukajibu, "He likes ugali," aliyeuliza atacheka, nawe hutajua anacheka nini.

"HE" NA "SHE"

Kiswahili hakitengi mwanamume na mwanamke. "Anakuja" ni baba, na ni mama pia. Kiingereza hutenga, na ndiyo sababu twasikia watu wazima wakisema, "My mother, he is at home." Dawa yake ni mazoezi tu: mama, dada, bibi na shangazi ni "she", baba, kaka, babu na mjomba ni "he". Tena "his" na "her" hufuata mwenye kitu, si kitu chenyewe. Mama yake Petro ni "his mother", kwa kuwa Petro ni mwanamume. Baba yake Maria ni "her father".

"IS" AU "HAS"?

Sisi twasema, "Ana miaka 60." Mwingereza husema, "She is 60 years old." Sisi twasema, "Amevaa shati la buluu." Usiseme, "He has worn." Sema, "He is wearing a blue shirt." Vivyo hivyo "amesimama" ni "he is standing", na "amechoka" ni "he is tired". Lakini macho, nywele na ndevu huchukua "has": "He has a white beard." Kumbuka pia kwamba sifa hutangulia mtu. Sisi twasema "mwanamke mrefu", wao husema "a tall woman".

KINYWA NACHO KIFUNDISHWE

Maneno yetu mengi huishia kwa irabu. Ya Kiingereza mengi hukatika ghafula. Basi "old" isiwe "oldi", wala "tall" isiwe "toli". Neno "thin", yaani mwembamba, lina ile "th" ya "thamani". Ukiitamka kwa "s" utasema "sin", na hapo umemwita shangazi yako dhambi! Katika "mother" na "brother" sauti ni ile ya "dhahabu". Kiswahili kimekwisha kutupa sauti hizo, tusione aibu kuzitumia.

MANENO YENYE MIIBA

Hapa tukae kidogo, maana ndipo heshima ya mtu inapopotea.

Kwetu, mtu akirudi safari ukamwambia, "Umenenepa," mara nyingi hufurahi. Kwa Kiingereza, "You are fat" ni tusi. Sema "He is a big man", yatosha. Kwetu "mzee" ni cheo. "Old man" kwa Kiingereza haina heshima hiyo. "Elderly" ni neno la adabu zaidi.

"Mpole" si "polite". "Polite" ni mwenye adabu. Mpole ni "gentle". Mwalimu mkali si "sharp", maana ukisema hivyo umesema ana akili nyepesi, sema "strict". "Funny" ni mcheshi, lakini pia huweza kuwa mtu wa ajabu-ajabu, basi angalia unavyolitumia. Anayetunza fedha zake si "mean", kwa kuwa huyo ni mchoyo. Yeye ni "careful with money".

Mtu mwenye udhaifu wa mwili usimpe jina la udhaifu wake. Sema anavyoishi: "He walks with a stick," au "She does not hear well." Mgeni atamtambua vilevile, na jirani yako atabaki mtu.

Katika ukoo, Kiingereza ndicho maskini. Baba mkubwa, baba mdogo na mjomba wote ni "uncle". Usiseme "small father". Ukitaka kueleweka sawasawa, sema "my father's younger brother", au "my mother's brother".

Katika Amri ya Nane, Kanisa hutufundisha tusimsingizie mtu kwa uongo, wala tusitoe makosa yake ya siri bila sababu ya haki. Amri hiyo haina lugha. Mwenye maneno machache ya Kiingereza yuko hatarini, kwa sababu hushika neno la karibu, na la karibu huweza kuwa la uongo. Wazee wetu walisema, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

TUJIFUNZE KWA ZAKAYO

Mwinjili Luka atupa mfano mzuri katika sura ya 19. Kwa maneno machache atuambia kazi ya Zakayo, kwamba alikuwa mkubwa wa watoza ushuru, tena tajiri, na kwamba alikuwa mfupi. Lakini haishii hapo. Atuonyesha akipanda mkuyu, na akiahidi nusu ya mali yake kwa maskini. Makutano walimwita mwenye dhambi, wakatosheka. Luka alituonyesha matendo yake, nasi twamjua mpaka leo.

Fuata njia hiyo: umbo kwanza, kisha tabia, kisha tendo moja la kweli. Kwa mfano: "My grandmother is a small, thin woman. She is about 70 years old. She has grey hair, and she is wearing a green kanga. She is gentle, but she is strict with lazy people. Every morning she carries water for a sick neighbour." Sentensi ile ya mwisho, kwamba kila asubuhi humchotea maji jirani mgonjwa, yazidi zile nyingine zote kwa thamani.

JIONI NYUMBANI

Wazazi, msiseme, "Sisi hatujui Kiingereza, tutasaidia nini?" Baada ya sala ya jioni, mtoto na achague mtu mmoja wa nyumbani au wa jirani, amweleze kwa sentensi tano, kwa sauti. Akimaliza, azigeuze kwa Kiswahili mbele ya wote. Hapo ninyi ndio waamuzi: je, ni kweli? Je, huyo mtu angekuwa ameketi hapa, angesikia vibaya? Ikiwa ni kweli, tena haimwumizi, mtoto amejifunza lugha. Ikiwa si hivyo, arudie. Kesho achague mtu mwingine, na ikiwezekana awe yule ambaye hapatani naye.