Daftari ya shamba kwa mwanafunzi wa Sheria

Wandugu, mimi nilisomea kilimo, si Sheria. Lakini mudogo wangu iko anasoma Sheria hapa Goma na tunalala chumba kimoja, kwa hiyo nilijua mbele ya mama kama halale tena.

Alikuwa kwenye staji. Siku nzima anaandika maneno ya wamama waliotendewa ubaya, ili dosie ifuate sheria ya tarehe 20 Julai 2006 juu ya ubakaji. Sheria hiyo anaijua kwa kichwa. Namna ya kurudi nyumbani na yale aliyoyasikia, hakuna aliyemufundisha. Tena sisi wenyewe tumepitia volkano ya Mei 2021 na vita ya Januari 2025. Kuna dosie inagusa kidonda chake mwenyewe.

Akaniuliza: «Yaya, wewe shamba ikikufa unafanyaka nini?»

Nikamuonyesha daftari yangu. Kila jioni naandika: nimeona nini, nilifikiri nini, kesho nitageuza nini. Maharagi yangu ya kwanza kule Rutshuru yalioza. Bila daftari ningelaumu mvua tu, kumbe nilichelewa kuvuna.

Jambo hili liko na wenyewe. Donald Schön, mwalimu wa Marekani, alitoa kitabu mwaka 1983 juu ya watu wa kazi wanaojichunguza wakiwa kazini. Graham Gibbs, mwaka 1988, akaweka ndani swali ambalo sisi wanaume tunaliruka: ulisikia nini moyoni? Mudogo wangu alikwama hapo siku tatu. Ya nne akaandika: «Nilikasirika juu sikuweza kumusaidia.» Sisemi alipona. Ila Jumatatu aliomba mkubwa wa staji amupunguzie watu wa kusikiliza kwa siku, kitu alichokuwa anaonea haya.

Angalisho: daftari hii si ya maharagi. Usiandike jina la mtu, wala mtaa wake. Kifungu cha 73 cha kanuni ya adhabu kinalinda siri ya kazi, na hapa kwetu karatasi ikianguka mahali pabaya inaweza kuua muntu. Andika ya moyo wako tu. Mudogo wangu akimaliza anachana, anatia ndani ya jiko ya makala.

Na kama wiki zinapita na ndoto mbaya zinaendelea, daftari haitoshe. Tulizo Letu iko hapa hapa mjini, na si ya wenda wazimu tu kama watu wanavyosemaka. Tulienda naye mara ya kwanza kwa miguu, tukiongea mupira njia yote.