Mikono Tambi, Ngumi Tofali

Wanangu wa Tosa, sogeeni. Leo tunamchana Baisepu.

Unamjua. Kila kitaa kina wake. Asubuhi baridi ya Tosamaganga inakata masikio, sisi tumepiga masweta mawili, yeye kavaa singlendi. Vyuma vyake ni makopo ya rangi kayajaza zege. Kifua kama kabati. Wazee wa kwenye ulanzi wakimwona tu, hukumu imetoka: "Yule akikuzaba, unaamkia wodini." Wazee bwana! Hawajawahi kumwona akipiga hata mbu.

Sasa sikia mchongo. Ngumi haitoki kwenye baisepu. Inaanzia mguuni, inazunguka kiunoni, inapita begani, mkono kazi yake kufikisha mzigo. Halafu taimingi. Ikimkuta mtu anakuja mbele, kidevu wazi, hajaiona, ubongo unatikisika ndani ya fuvu na network inakata. Ndiyo maana yule dogo mwembamba anayempasulia maza kuni kila jioni, halafu anapandisha kilima kutoka Kalenga na gunia begani, usimletee za kuleta.

Unataka ushahidi? Hassan Mwakinyo, mtoto wa Tanga. 8 Septemba 2018, Birmingham. Kaitwa fasta kupigana na Sam Eggington, mwamba wa maeneo yaleyale, aliyewahi kuwa bingwa wa Ulaya. Mwaka uliotangulia Eggington alikuwa kamzima Paulie Malignaggi, bingwa wa dunia wa zamani. Waingereza wamekuja kumcheki bondia wao Amir Khan, Mbongo wanamwona mboga tu. Raundi ya pili, refa kaingia kati. Imeisha. Wazungu macho kodo, sisi tunapiga kelele mpaka mbwa wanaitikia. Hakuna aliyeiogopa ile ngumi kwa sababu mwenye nayo hakuwa na mwili wa bango.

Najua kuna dingi ananyoosha kidole. Ndiyo mzee, Liverpool, Septemba 2022, Mwakinyo kapigwa na Liam Smith raundi ya nne, stori za mguu na viatu. Tumesikia. Kupigwa hakufuti ngumi uliyonayo. Kaa, kunywa ulanzi wako.

Na kuna ngumi zenye jina kubwa kihalali. John Mugabi wa Uganda, The Beast, alifika kwa bingwa wa dunia Marvin Hagler Machi 1986 akiwa na ushindi mtupu, wote KO. Hagler akamtuliza raundi ya 11, ila hakuna aliyewahi kumchukulia poa. Huyo hatumjadili.

Halafu kuna ngumi zenye promo. Karim Mandonga, Mtu Kazi, namkubali kinoma, usinielewe vibaya. Ila jamaa ngumi yake kaibatiza: Sugunyo. Haijatupwa, tayari inatrendi. Januari 2023 akamchapa Daniel Wanyonyi kwao Nairobi, Bongo nzima ikawa chizi. Julai wakarudiana, Mkenya akachukua chake. Sugunyo siku hiyo haikuwa na bando.

Baisepu naye anaishi kwa promo hiyohiyo, tofauti yake hana hata pambano moja. Ana kopo la protini alilonunua Iringa mjini kwa hela ya mbolea ya dingi yake. Ana glavu orijino, bei yake hata kuitaja ni aibu, na anazivaa kwa ajili ya picha ya status tu. Mwambie aruke kamba dakika tatu. Ya kwanza haiishi, kashika kiuno, anadai vumbi.

Ushauri wa bure: hela ya glavu za picha nunua kamba na bandeji za mkono, chenji inabaki ya chipsi mayai. Begi jaza matambara. Kiuno kizunguke, kisigino kinyanyuke. Ukirusha, rudisha mkono usoni, usibaki unauangalia kama umeuposti.

Juzi nikawatajia wazee Michael Yombayomba. Kimya. Watu wanaokesha wakisimulia Muhammad Ali, hawamjui Mtanzania aliyebeba dhahabu ya ngumi Michezo ya Jumuiya ya Madola, Kuala Lumpur, 1998! Uzito wa bantam, kilo 54. Mfuko wa simenti na paketi nne za sukari. Mmoja akakohoa, akaweka kikombe chini, akauliza kwa sauti nzito: "Sasa huyo kilo 54, Baisepu si anambeba?"

Anambeba mzee. Anampeleka wapi sasa?