Mvulana mwenye moyo dhaifu: mwambie daktari habari za wajomba zake

Tukisikia habari za mafuta na moyo, wengi wetu tunafikiria mishipa iliyoziba. Lakini yapo mafuta ambayo moyo hauwezi kufanya kazi vizuri bila hayo. Yanaitwa kadiolipini, na mwaka 1942 Mary Pangborn, mtafiti wa Marekani, aliyapata katika moyo wa ng'ombe.

Kadiolipini hukaa ndani ya mitokondria, yaani viwanda vidogo vya nishati vilivyomo kwenye seli. Moyo haupumziki, hivyo misuli yake imejaa viwanda hivyo. Mwili hutengeneza kadiolipini kwanza ikiwa ghafi, kisha huibadilisha mikia yake minne ya mafuta mpaka iufae moyo. Kazi hiyo ya kubadilisha hufanywa na protini iitwayo tafazini.

Jeni ya tafazini ikiwa na hitilafu, mtoto hupata ugonjwa wa Barth, uliopewa jina la daktari wa Uholanzi, Peter Barth, aliyeueleza mwaka 1983. Ni ugonjwa adimu sana. Karibu wagonjwa wote ni wavulana, kwa kuwa jeni hiyo ipo kwenye kromosomu X, na mvulana ana moja tu, aliyoipata kwa mama.

Dalili zake ni moyo kushindwa kusukuma damu vizuri, misuli kulegea, kuchelewa kukua, na vidonda vya mdomoni au maambukizi ya mara kwa mara kutokana na upungufu wa chembe nyeupe za damu. Kila dalili peke yake ina sababu nyingine nyingi. Zikikutana kwa mvulana mmoja, mweleze daktari. Mweleze pia kama kaka au wajomba zake walifariki wakiwa wadogo. Familia nyingi hunyamaza zikihofia kuambiwa ukoo una mkosi. Huu si mkosi, wala si kosa la mama.

Kubadilisha mafuta ya kupikia hakuuponyi. Kinachosaidia ni dawa za moyo, kliniki bila kukosa, na kuwahi. Mtoto huyu akipata homa, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Asikae na njaa muda mrefu. Na mama mwenye jeni hii apate ushauri kabla ya ujauzito mwingine, kwani kila mtoto wa kiume ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuirithi.