Sura ya Tano: Mkondo wa Kifaa Kilicholala

Imani inayowapotosha wengi wanaojiundia vifaa vya elektroniki ni kwamba betri humalizwa na kazi, ilhali kifaa kidogo, ambacho huamka kwa sehemu ya sekunde, kikapima joto na kulala tena, humaliziwa betri na mkondo unaopita kikidhaniwa kimetulia. Chipu ya ATmega328P, iliyomo katika bodi ya Arduino Uno, ikilazwa ipasavyo huvuta chini ya maikroampia moja, yaani sehemu moja ya milioni ya ampia. Lakini ikilazwa ndani ya bodi hiyo, taa ya kuonyesha umeme na kidhibiti volti, kinachosawazisha volti kabla haijafika kwenye chipu, havilali nayo, navyo hula maelfu ya mara zaidi. Betri ya saa ya CR2032 ina akiba ya takribani miliampia-saa 220: kwa mkondo wa miliampia moja itadumu siku 9 tu, na kwa maikroampia 10, kwa hesabu ya karatasini, miaka miwili na nusu.

Wapo pia wanaoanika betri juani ili zipate nguvu. Huo ni upuuzi, kwa sababu joto huchangamsha kwa muda mfupi kemikali zilizozorota, redio ikasikika kwa dakika chache, bila kuongezeka chaji hata chembe. Na kwa betri ya lithiamu joto huharakisha upotevu wa akiba iliyobaki.

Hapa palikuwa pafuate ukinzani wa ndani wa betri, lakini saa ya Casio F-91W, iliyotoka mwaka 1989, inastahili kutangulia. Betri yake ya CR2016, yenye miliampia-saa 90 hivi, hukadiriwa kudumu miaka 7, na anayegawanya akiba hiyo kwa saa zipatazo 61,000 atapata wastani wa maikroampia moja na nusu. Fuwele yake ya kwatzi hutetema mara 32,768 kwa sekunde, idadi ambayo ikigawanywa kwa mbili mara 15 hubaki moja kamili, ndiyo sekunde yenyewe. Nacho kioo chake hakitoi mwanga, bali huzuia au kuruhusu mwanga wa nje, na kwa hiyo hakidai karibu chochote. Ustadi wote umo katika kutokufanya lisilohitajika.

Kabla ya kufunga kasha, mjenzi na apime mkondo wa kifaa kikiwa kimelala.