Mwanafunzi Mgeni Mtaani: Je, Tunamjua?

Wapendwa wanavikundi,

Mara hii tunataka tuzungumze juu ya wanafunzi kutoka nchi za nje wanaoishi mitaa ya Eastlands, Nairobi. Najua mtauliza: sisi tuko huku kijijini na kuku wetu na miche yetu, mambo ya Eastlands yanatuhusu nini?

Yanatuhusu sana. Ni kikundi gani ambacho hakina mama mwenye mtoto aliyepanga Kayole, Umoja au Dandora? Wengine wetu tuna vyumba vya kukodisha huko huko. Tena, ni mara ngapi tumeitwa harambee ya kumpeleka mtoto wa kijiji kusoma India au Marekani? Tukishachanga, tunamwombea apate watu wema huko aendako. Basi ni haki tujiulize: wale waliotumwa kwetu na vijiji vyao, sisi tunawapokea namna gani?

NI AKINA NANI HAWA?

Ukitembea Eastleigh, Umoja, Donholm au Komarock utakutana na wanafunzi wa Somalia, Sudan Kusini, Ethiopia, Kongo, Rwanda na Burundi. Wanapanga Eastlands kwa sababu ile ile inayowapeleka watoto wetu: kodi ni nafuu kuliko upande wa magharibi wa jiji, na matatu za kwenda mjini hazikosi.

Wengi wao nyuma yao kuna vita. Serikali ya Somalia ilianguka Januari 1991. Watu wa Sudan Kusini walipigana kutoka 1983 mpaka 2005, wakapata uhuru tarehe 9 Julai 2011, na Desemba 2013 wakaanza kupigana wenyewe kwa wenyewe. Mashariki ya Kongo haijatulia vizuri tangu 1996. Mahali ambapo shule hufungwa kila risasi ikilia, mzazi mwenye uwezo kidogo humtoa mtoto wake akasome kwa jirani. Wengine hawakukimbia chochote. Kwao husomwa kwa Kifaransa, nao wanatafuta masomo ya Kiingereza.

Hapa tutofautishe watu watatu ambao mtaani huitwa jina moja. Wa kwanza ni mwanafunzi mwenye hati ya masomo kutoka Idara ya Uhamiaji. Wa pili ni mkimbizi aliyeandikishwa, ambaye analindwa na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021. Huyu pia anaweza kuwa anasoma. Wa tatu si mgeni kabisa: ni Mkenya kama wewe, Msomali wa Garissa, Wajir au Mandera. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walifanyiwa msako wa kuthibitisha uraia wao katika nchi waliyozaliwa. Jambo hilo liliumiza, na wazee bado wanalikumbuka.

YANAYOSEMWA NA UKWELI WAKE

"Ati wanapandisha kodi ya nyumba." Hebu tuangalie inavyokuwa. Nyumba ambayo baba mmoja analipia kwa mshahara wake, wanafunzi wanne wanachangiana. Mwenye ploti akiona vichwa vinne anaongeza bei. Akishaongeza kwa mgeni, mwezi unaofuata anampandishia na jirani. Sasa anayepandisha ni nani? Tujiseme ukweli: wakati mwingine ni sisi wenye vyumba. Tunasikia mtu anaongea Kifaransa, tunadhani ana mfuko wa dola. Wako wenye ndugu Ulaya au Marekani wanaowatumia pesa, lakini pesa hizo huchelewa kama zile tunazongoja sisi kutoka kwa watoto wetu. Mwezi zisipofika, mwanafunzi analala njaa na aibu ya kukopa dukani.

"Ati wanachukua nafasi za watoto wetu." Hapana. Nafasi za chuo zinazogharamiwa na serikali zinagawiwa Wakenya, na mkopo wa HELB ni wa Wakenya. Mgeni hujilipia karo, au hulipiwa na mfadhili wake, na vyuo vingi humtoza zaidi. Halafu ile pesa yake ya matumizi inabaki mtaani: kwa mama mboga, kwa muuza chapati, kwa kinyozi na kwa mwenye matatu.

"Ati hawajui Kiswahili." Ndugu zetu wa mashariki ya Kongo wakisema "batu" na "bintu" tunawacheka. Lakini hicho ni Kiswahili cha kwao, walinyonya nacho. Na kijana wa Kaloleni akianza Sheng yake, ni nyanya gani kijijini anamwelewa?

"Ati ni watu wa hatari." Hapa tuongee polepole, kwa sababu tumezika watu. Novemba 2012 bomu lililipuka ndani ya matatu Eastleigh. Septemba 2013 watu 67 waliuawa Westgate. Tarehe 2 Aprili 2015 waliuawa watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, karibu wote wanafunzi. Anayeogopa si mjinga.

Lakini tuangalie hofu ilifanya nini. Baada ya lile bomu la matatu, vijana walivamia maduka na nyumba za Wasomali ambao hawakuhusika. Aprili 2014 ukafanyika msako mkubwa wa Usalama Watch. Maelfu walikamatwa, na wengi wakazuiliwa uwanjani Kasarani. Na mwaka uliofuata, mmoja wa wauaji wa Garissa akatambuliwa kuwa Mkenya, kijana aliyehitimu sheria Nairobi. Tukihukumu kwa sura na lugha tunamkosa mwovu na tunampiga asiye na kosa. Zaidi ya hayo, jirani unayemtukana kila siku hatakuja kukugongea mlango akuambie ameona jambo baya.

SISI PIA TULIKUWA WAGENI

Eastlands yenyewe ilijengwa na waliotoka mbali. Jina la Kariokor latokana na Carrier Corps, wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Pumwani walichanganyika watu wa makabila na nchi nyingi tangu mwanzo.

Na watoto wetu? Mwaka 1959 Tom Mboya, aliyekuwa mjumbe wa Nairobi, alisaidia kupeleka wanafunzi 81 Marekani kwa ndege moja. Mwaka 1960 likaenda kundi jingine, na ndani yake msichana wa Nyeri, Wangari Maathai. Safarini kwa basi, huko Indiana, yeye na wenzake waliambiwa hawawezi kuketi ndani ya mkahawa wakanywe soda, kwa sababu ya rangi yao. Hiyo ndiyo picha moja ya Marekani aliyoiona. Picha ya pili aliipata Atchison, Kansas, mji mdogo ambapo masista Wabenediktini walimpokea chuoni kwao, akasoma mpaka 1964.

Aliporudi alifanya nini mnajua. Tarehe 5 Juni 1977 yeye na wenzake walipanda miti saba Kamukunji, hapo hapo Eastlands, na kazi hiyo ikawa Green Belt Movement. Vikundi vingapi vya akina mama vilianza kitalu kwa sababu hiyo? Mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Wale masista hawakujua wanamlea nani. Sisi pia hatujui ni nani amepanga chumba cha pembeni pale Umoja.

TUFANYE NINI?

Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Haya ndiyo majembe tunayoyaona:

1. Wewe mwenye vyumba, toza kodi na dipoziti ile ile unayowatoza wengine. Andikianeni mkataba, mpe risiti.

2. Mwombe kitambulisho cha chuo na hati yake siku anayoingia, wazi wazi, kama unavyomwomba Mkenya. Mpeleke kwa majirani wa Nyumba Kumi wamjue jina. Kumjua mtu kunalinda mtaa kuliko kumchungulia dirishani.

3. Mwalikeni katika usafi wa mtaa, kwaya, mpira, au kuwasaidia watoto hesabu na Kifaransa jioni.

4. Akikamatwa, msikae kimya. Katiba ya 2010 inasema mtu yeyote aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kwanza mahakama ikifunguliwa. Haisemi Mkenya peke yake. Mjulisheni mkuu wa chuo chake na kanisa au msikiti wake. Lakini kama ni mkimbizi, msimpigie balozi wa nchi aliyoikimbia. Mnaweza kumwuza bila kujua. Ulizeni idara ya serikali ya wakimbizi au UNHCR.

5. Akivunja sheria, ashtakiwe yeye kwa jina lake. Nchi yake nzima haikuvunja.

Someni pamoja Walawi 19:33-34 na Mathayo 25:35. Halafu zungumzeni:

- Katika kikundi chetu, nani ana mtoto au ndugu anayesoma nchi ya nje? Alipofika, nani alimsaidia wa kwanza?
- Nani kati yetu ana vyumba mjini? Je, wapangaji wote wanalipa sawa?
- Tukifanya harambee ya masomo tena, tutamwambia nini mtoto wetu juu ya wageni aliowaacha nyumbani?