Baba Alikuwa Keya

Kwenye sanamu ya askari katikati ya Dar es Salaam, ile ambayo wazee wa mji wanaiita Bismini, kuna maandishi yanayomwambia askari kwamba akipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Ilizinduliwa mwaka 1927 kwa heshima ya askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Izunguke yote: hakuna jina la hata mmoja wao.

Kazi ya majina waliachiwa watoto. Watoto wa vita vya pili, vilivyoitwa vijijini vita vya Hitla, wengine bado tunao, nao sasa ni wazee. Wanajua kwamba baba alikuwa Keya na kwamba alikwenda Bama, yaani Burma. Zaidi ya hapo ni vipande vya hadithi, kwa sababu wengi wa baba hao hawakupenda kuzungumzia walikotoka.

Anayetaka kufuatilia asianze na London. Kumbukumbu za vita za KAR (King's African Rifles, ndiyo hiyo Keya) zilizoko kwenye Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, pale Kew, zimepangwa kwa vikosi, si kwa watu. Jina la baba peke yake halitakufikisha mbali. Kinachotakiwa ni batalioni yake, na hiyo hutafutwa kwanza nyumbani, kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha marehemu. Ukikuta cheti cha kuachishwa jeshi, soma namba na herufi zake. Ikiandikwa 26 (TT) KAR, hiyo ni batalioni ya 26, ya Tanganyika. K ni Kenya, U ni Uganda, NY ni Nyasaland.

Cheti kikiwa kimeliwa na mchwa, tazama medali. Usitafute jina juu yake, maana Waingereza kwa kawaida walizitoa bila kuchora jina. Tazama utepe. Wa buluu iliyokoza, wenye mstari mpana mwekundu katikati na wa rangi ya chungwa kila upande, ni wa Nyota ya Burma. Nyota ya Afrika walipewa, miongoni mwa wengine, waliopigana na Waitaliano Uhabeshi na Somalia. Utepe uliofifia unaweza kukwambia baba alielekea upande gani wa dunia.

Ukishajua batalioni, fungua shajara yake ya vita. Za upande wa Burma ziko Kew chini ya WO 172, zimeandikwa siku kwa siku na maofisa. Batalioni za 26 na 36 za Tanganyika zilikuwa ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoteremka bonde la Kabaw mwaka 1944 wakati wa masika ya kule, katika matope, malaria na mashambulizi ya Wajapani, hadi Kalewa kwenye mto Chindwin. Desemba mwaka huo likajengwa hapo daraja la chuma la karibu mita 350, refu kuliko yote ya aina yake duniani wakati huo. Lakini jiandae kuudhika. Maofisa wametajwa kwa majina. Waafrika mara nyingi wamehesabiwa tu, wawili wamekufa, watatu wamejeruhiwa.

Hata hivyo karatasi ina faida yake. Idi Amin alijigamba kwamba alipigana Burma, wakati rekodi zinaonyesha aliandikishwa KAR mwaka 1946, vita vimekwisha.

Ambaye baba yake hakurudi ana njia nyingine. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ya waliokufa, na unaweza kuitafuta kwenye intaneti bila malipo. Jaribu tahajia zote unazoweza kuzifikiria, kwa kuwa karani aliandika alivyosikia. Wengi wa askari wa mizinga waliozama na meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Kilindini na kupigwa na nyambizi ya Kijapani tarehe 12 Februari 1944, majina yao yako kwenye mnara wa Nairobi.

Tusitafute sifa tu, lakini. Nyaraka zilizoandikwa habari zake mwaka 2019 zilionyesha kwamba kiinua mgongo baada ya vita kilitolewa kwa rangi ya ngozi, Mwafrika akipata kama theluthi ya alichopewa mzungu wa cheo chake. Na ukikuta baba aliendelea na KAR hadi miaka ya 1950, huenda alitumwa Kenya kuwasaka Mau Mau, ambao mmoja wa majenerali wao, Waruhiu Itote, naye alikuwa mkongwe wa Burma. Mimi ningeliandika hilo pia, pamoja na medali. Mzee aliyesafishwa mno si yule aliyekulea.

Halafu kuna kina mama. Askari alikatwa sehemu ya mshahara ikapelekwa kwa familia yake kupitia boma la wilaya, kwa hiyo mafaili ya wilaya kwenye Nyaraka za Taifa yanafaa kupekuliwa. Kabla ya hapo, kama Mungu bado amekuwekea shangazi au mama mdogo, kaa naye. Muulize nani alikwenda bomani kuchukua hela, zilikuja kwa jina gani, na lini zilikoma.