Papa Habaki Kibogoyo

Katika soko la samaki la Malindi, Mjini Unguja, kichwa cha papa kikipasuliwa huonekana jambo ambalo vitabu vya meno hulieleza kwa taabu. Nyuma ya safu ya meno iliyosimama kuna safu nyingine iliyolala, na nyuma yake nyingine tena, za ndani kabisa zikiwa bado laini. Jino la mbele likitoka, la nyuma husogea. Papa huendelea hivyo maisha yake yote bila kuhudhuria kliniki. Binadamu amepewa awamu mbili tu: meno 20 ya utoto, kisha 32 ya ukubwani. Baada ya hapo ni gharama.

Ajabu ni kwamba protini zinazoanzisha jino la papa ni za koo zilezile zinazoanzisha la mtoto. Ni vichocheo vya ukuaji, yaani protini ambazo seli huzitoa ili kuiamuru seli jirani igawanyike, ibadilike au itulie. Koo mashuhuri ni nne: FGF, BMP, Wnt na Shh.

Kwa binadamu kazi huanza karibu wiki ya 6 ya mimba. Tabaka la juu la kinywa cha kiinitete hunenepa na kufanya utepe. Mwanzoni tabaka hilo ndilo lenye amri: kwa BMP na FGF huliagiza tabaka la chini liwashe jeni kama MSX1 na PAX9. Baadaye amri huhamia chini. Mwaka 1970 watafiti Kollar na Baird walichukua tabaka la chini la jino changa la panya, wakalifunika kwa ngozi ya wayo. Likaota jino.

Kisha katikati ya kichipukizi hujitokeza kikundi cha seli kiitwacho fundo la enameli. Mwaka 1994 Jukka Jernvall, Irma Thesleff na wenzao wa Helsinki walionyesha kwamba fundo hutoa FGF4, inayohimiza seli za pembeni zigawanyike, ilhali seli za fundo lenyewe hazigawanyiki. Tabia hiyo si ngeni maofisini. Kwa kuwa pembeni panakua na katikati pamesimama, tishu hujikunja, na mkunjo huo ndio ncha ya jino. Gego hupata mafundo mengine, moja kwa kila ncha. Chonge huishia na ncha moja. Kazi ikiisha, seli za fundo hujiua, na hapo mfano wa ofisi unakoma.

Tunapoachana na papa ni kwenye utepe. Wake hubaki hai, ukitunza seli za akiba. Wetu ukishatoa kichipukizi cha jino la pili, upande wa ulimi, humomonyoka.

Ndiyo maana imani ya “meno ya plastiki”, inayojulikana Tanzania na nchi jirani, ina madhara yanayopita kidonda. Mtoto wa miezi michache anaharisha, ana homa, na ufizi umetuna pale chonge itakapotokea. Mganga anasema hapo ndipo penye jino la ugonjwa, anapasua, anachokoa kitu cheupe na laini, anawaonyesha wazazi. Ushahidi ni wa kweli. Tafsiri ndiyo mbovu. Hiyo ni chonge ya utoto ambayo enameli yake haijakomaa, na ingetokeza karibu mwaka mmoja baadaye. Kuharisha kuna sababu zake, na dawa ya kwanza ni maji yenye chumvi na sukari kwa vipimo. Kifaa kichafu huleta maambukizi, na wapo watoto waliokufa. Aliyepona naye hajamaliza: jirani kabisa na palipochokolewa kuna kichipukizi cha chonge ya ukubwani, kinachoanza kujenga enameli kati ya mwezi wa 4 na wa 5. Kikiguswa, jino huja na mashimo, hupinda, au haliji.

Mwaka 2024 hospitali ya Chuo Kikuu cha Kyoto ilianza kujaribu kwa binadamu dawa inayozuia USAG-1, protini inayoibana BMP. Kwa panya na fereti, dawa hiyo iliotesha meno, na vichwa vya habari vikaota mengi zaidi. Jaribio hilo la kwanza, kwa wanaume wa miaka 30 hadi 64 waliopungukiwa na jino, lililenga kupima usalama. Walengwa wa baadaye ni waliozaliwa na upungufu wa meno, kwa kuwa dawa huamsha kichipukizi kilichokwama. Kilichokwisha kuchokolewa hakiamshwi.